Moduli za Python: maswali ninayoulizwa kila Jumamosi Lubumbashi

Jumamosi asubuhi vijana huja kwangu Kampemba na mashine zao, wengine wakitoka Katuba, wengine Ruashi, na kabla chai haijamiminwa maswali yameanza. Mengi ni yale yale ya wiki iliyopita, ila muulizaji ni mwingine. Nimeyaandika hapa ili anayefika kwa mara ya kwanza asione haya kuuliza, nami nipate kunywa chai ikiwa bado ya moto. Ninazungumzia Python 3, lugha ya kuandikia programu. Ukikuta kwenye mashine ya zamani Python 2, ujue matunzo yake yalikwisha tarehe 1 Januari 2020. Usianze nayo.

Yaya, moduli ni kitu gani hasa?

Ni faili la Python. Hakuna zaidi. Ukiandika faili ukaliita fedha.py, tayari una moduli inayoitwa fedha, na skripti yoyote iliyo kwenye folda hiyo hiyo inaweza kuiita:

```
# fedha.py
from decimal import Decimal

def soma(maandishi):
    return Decimal(maandishi.strip().replace(",", "."))

def kwa_franka(dola, bei_ya_leo):
    return soma(dola) * soma(bei_ya_leo)
```

Kisha kwenye faili jingine:

```
import fedha
print(fedha.kwa_franka("12,50", "2000"))
```

Jibu litakuwa 25000.00. Hiyo 2000 ni namba ya mfano tu, bei ya kweli kamuulize kambiste, mbadilisha pesa, wa kona yenu.

Kwa nini nisinakili tu mistari hiyo kwenye kila skripti? Ni michache.

Nilikuwa nikifikiri hivyo hivyo. Niliandikia duka la vipuri vya magari skripti ya kujumlisha mauzo ya franka na dola, kisha depo ya saruji ikaomba ya namna hiyo, kisha famasia moja. Kila mara nilinakili mistari ile ile, nikabadilisha jina la duka, nikapokea makuta yangu nikaenda. Siku moja karani wa vipuri akaandika 12,50 kwa koma, kama tulivyofundishwa shuleni kwa Kifaransa. Decimal, ile inayosoma namba za pesa, haijui koma, inataka nukta, kwa hiyo programu ikasimama. Nilirekebisha pale dukani, nikasahau kwamba famasia ina nakala ileile. Mama mwenye famasia alinipigia simu Jumamosi jioni, wateja wamejipanga hadi mlangoni, mashine imegoma. Nilivuka mji mzima kwenda kuongeza neno moja, replace.

Siku iliyofuata nikaandika fedha.py. Tangu hapo kosa la hesabu ya pesa nalirekebisha mahali pamoja, kisha napeleka faili moja kila mahali. Faida yote ya moduli iko hapo, mengine ni nyongeza.

Niki-import faili langu linaanza kufanya kazi lenyewe, linachapa ankara! Nimekosea wapi?

Python inaposoma moduli hutekeleza kila mstari ulio nje ya vitendaji, yaani vile vipande vinavyoanza na `def`. Kama chini ya faili uliacha mistari ya majaribio, nayo itatekelezwa. Iweke chini ya sharti hili:

```
if __name__ == "__main__":
    print(kwa_franka("1", "2000"))
```

Mistari iliyo chini ya sharti hilo huamka pale tu unapoliendesha faili lenyewe. Likiitwa na faili jingine, inalala.

Moduli, paketi, maktaba: ni kitu kimoja?

Karibu. Moduli ni faili moja. Paketi ni folda ya moduli, kwa kawaida yenye faili liitwalo `__init__.py` ndani. Maktaba ni neno la mdomoni tu kwa chochote unachoazima. Watu huchanganya, na hakuna aliyewahi kupoteza kazi kwa hilo.

Python yenyewe inakuja na moduli gani? Au lazima nipakue kila kitu?

Ningependa kila mtu aanzie kwenye swali hili. Guido van Rossum alipotoa Python mwaka 1991 hakuiacha mikono mitupu, na hadi leo ukiisakinisha unapata moduli nyingi bila kutumia mega hata moja ya ziada. Kazi nyingi za maduka yetu zinaishia humo humo.

Moduli ya sqlite3 inakupa hifadhidata kamili ndani ya faili moja, bila seva. Stoo ya depo ya saruji ninayoitunza inakaa humo. Decimal nimeshaitaja, na sababu yake ni hii: ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa namba za kawaida, inakujibu 0.30000000000000004. Kwa urefu wa ubao si neno. Kwa pesa ya mtu ni ugomvi.

Moduli ya csv inasoma majedwali yanayotoka kwenye Excel, ila angalia: Excel iliyopangwa kwa Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato, kwa sababu koma imeshachukuliwa na desimali. Usipoandika `delimiter=";"` utapata safu moja ndefu na kichwa kitauma.

Halafu kuna zoneinfo, iliyoingia kwenye Python 3.9 mwaka 2020. Nchi yetu ina majira mawili ya saa. Saa sita mchana hapa kwetu, Kinshasa bado ni saa tano. Kijana mmoja wa hapa aliandika programu ya kutuma ripoti Kinshasa, akawa anaongeza na kupunguza saa kwa mkono, mara akasahau, na malipo ya usiku yakaonekana yamefanyika kesho. Dawa ni kuandika `Africa/Lubumbashi` na `Africa/Kinshasa`, kisha kuiachia zoneinfo hesabu. Kwenye Windows utahitaji paketi ndogo iitwayo tzdata, maana Windows haina orodha hiyo ya saa kwa namna Python inavyoitaka.

Na nikikosa humo ndani?

Ndipo unapokwenda PyPI, ghala la wazi lililoanza mwaka 2003. Lina miradi zaidi ya 500,000, na mingi kati yake huihitaji kamwe. Chombo cha kuchukulia ni pip, kilichotokea mwaka 2008 na sasa huja pamoja na Python. Kwa mfano openpyxl, moduli ya kusoma majedwali ya Excel, unaichukua hivi:

```
python -m pip install openpyxl
```

Nimeandika `python -m pip` badala ya `pip` peke yake kwa makusudi, soma swali la ModuleNotFoundError, kosa la kutoiona moduli, hapo chini. Kwenye Windows unaweza kuandika `py -m pip`.

Mega ni ghali. Sisi tuko 12 na kila mmoja anapakua kitu kilekile. Hakuna njia?

Ipo, na ni jambo ambalo ningetaka kila kundi la vijana mjini hapa lilijue kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu.

Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri, kazini au chuoni, anapakua bila kusakinisha:

```
python -m pip download openpyxl -d mfuko
```

Ndani ya folda mfuko mtakuta mafaili mawili yanayoishia .whl: openpyxl yenyewe na et_xmlfile ambayo openpyxl inaitegemea. Pip imezileta zote mbili bila kuambiwa. Faili la .whl ni zip ya kawaida yenye jina jingine. Unanakili folda hiyo kwenye flashi, mwenzako anaichomeka, mtandao wake ukiwa umezimwa kabisa anaandika:

```
python -m pip install --no-index --find-links mfuko openpyxl
```

Neno `--no-index` linaizuia pip isitoke nje, na `--find-links` inaionyesha mfuko uliko. Imekwisha. Watu 12, upakuaji mmoja.

Mtego uko hapa. Moduli nyingine zimeandikwa kwa Python tupu, na jina la faili lake linaishia `py3-none-any.whl`. Hizo ni za kila mashine. Nyingine zina sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C, na jina la faili hutaja toleo la Python na aina ya mashine, mfano `cp311` na `win_amd64`. Ukizipakua kwenye Linux ya kazini huwezi kuzipeleka kwenye Windows ya nyumbani. Lazima umwambie pip unampakulia nani, mfano kwa numpy, moduli ya hesabu:

```
python -m pip download numpy -d mfuko --platform win_amd64 --python-version 3.11 --only-binary=:all:
```

Bila hiyo `--only-binary=:all:` pip itakataa, na ina haki. Ikileta msimbo wa asili badala ya .whl, mashine ya Windows itajaribu kuujenga yenyewe, itakosa kikusanyaji cha C (programu ya kugeuza msimbo huo uwe wa mashine), na itakudai Microsoft Visual C++, mzigo wa mega nyingi kuliko moduli uliyoifuata.

Tena, pima kabla ya kubeba. Mtu anataka kusoma jedwali moja la Excel, anakimbilia pandas, moduli kubwa ya kuchambua data. Pandas pamoja na numpy zinapita mega 20. Openpyxl na mwenzake hazifiki mega moja. Kama huchambui maelfu ya safu, ya nini kukodi lori la kubeba mfuko mmoja wa unga?

Umeme ukikatika katikati ya upakuaji, naanza upya?

Si yote. Mafaili yaliyokwisha kushuka pip huyaweka kwenye akiba yake, na ukirudi huyachukua humo. Lile lililokuwa njiani ndilo la wasiwasi. Ukitaka kujua akiba iko wapi, andika `python -m pip cache dir`.

Nimesakinisha, pip imesema imefaulu, bado naona ModuleNotFoundError!

Kwa ninayoyaona Jumamosi, chanzo ni kimoja kati ya vitatu.

Cha kwanza, una Python mbili. Moja uliisakinisha wewe, nyingine ililetwa na programu fulani. Neno `pip` linaweza kuwa la hii na `python` likawa la ile. Ndiyo maana ya `python -m pip`: Python unayoiita ndiyo inayosakinishiwa.

Cha pili, jina la kusakinisha si lazima liwe jina la kuita. Unasakinisha Pillow, unaandika `import PIL`. Unasakinisha beautifulsoup4, unaita bs4. PyYAML ni yaml, python-dateutil ni dateutil, opencv-python ni cv2. Usitafute mantiki, kariri tu kama majina ya utani ya wajomba.

Cha tatu hakileti ujumbe huo huo kila mara, ila kinaumiza zaidi. Umeandika zoezi la namba za bahati ukaliita random.py. Sasa `import random` inalikuta faili lako kwanza, kwa sababu Python huanza kutafuta kwenye folda ya skripti yako kabla ya kwenda kwingine. Utaambiwa random haina kitendaji fulani, nawe utaapa kwamba kipo. Badilisha jina la faili. Python 3.13 imeanza kukudokeza ukifanya hivyo, lakini matoleo ya nyuma yanakuacha upapase gizani. Siku hizi mtu akilalamika, kwanza ninaangalia majina ya mafaili yake. Nimekwisha kuona csv.py, email.py na calendar.py.

Ubuntu inanikatalia na maneno "externally-managed-environment". Nimeharibu kitu?

Hujaharibu. Mifumo ya Linux kama Ubuntu yako na Debian 12 inatumia Python kwa kazi zake yenyewe, kwa hiyo imeizuia pip isichezee moduli zake. Kwenye mitandao utaona watu wakishauri `--break-system-packages`. Lisome jina lenyewe: linakwambia kabisa kwamba litavunja. Tengeneza mazingira ya pekee ya mradi wako:

```
python3 -m venv chumba
source chumba/bin/activate
```

Ikilalamika, sakinisha kwanza `python3-venv` kwa apt, chombo cha mfumo wenyewe cha kusakinishia. Kwenye Windows mstari wa pili ni `chumba\Scripts\activate`. Kila utakachosakinisha baada ya hapo kinakaa ndani ya folda chumba, na ukichoka nacho unaifuta folda. Hata kwa Windows, isiyokukataza, ningekushauri kila mradi uwe na chumba chake. Ndugu wawili wakilala kitanda kimoja, mmoja atamvuta mwenzake shuka.

Programu yangu ilifanya kazi mwaka jana, leo imegoma, na sijagusa kitu.

Umebadilisha mashine, sivyo? Umesakinisha moduli upya ukapata toleo jipya, na mwenye moduli amebadilisha au kuondoa kitu ulichokitegemea. Siku programu inafanya kazi vizuri, andika matoleo yake:

```
python -m pip freeze > requirements.txt
```

Ukihamia mashine nyingine: `python -m pip install -r requirements.txt`. Faili hilo lihifadhi pamoja na skripti, na mafaili ya .whl yabaki kwenye flashi. Karani wa depo hahitaji toleo la jana usiku. Anahitaji lile linalofanya kazi.

Nitajuaje kwamba moduli si ya wezi?

Hutajua kwa hakika, lakini unaweza kujilinda na mengi. PyPI ni soko la wazi, kila mtu anatandika bidhaa yake, na hakuna anayekagua kila mfuko mlangoni. Desemba 2019 iliondolewa paketi iliyojifanya moduli ya kweli iitwayo jellyfish: mahali pa herufi ndogo l mwizi aliweka I kubwa, na kwa macho huoni tofauti. Ilikuwa inaiba funguo za siri za wanaoandika programu. Nyingine ilijiita python3-dateutil ili ifanane na python-dateutil ya kweli.

Kwa hiyo nakili jina kutoka kwenye ukurasa wa mradi wenyewe, usiliandike kwa kukumbuka. Tazama toleo la mwisho lilitoka lini na msimbo wake uko wapi. Jihadhari pia na roboti za kuongea zinazokuandikia programu: mara nyingine hutaja moduli ambayo haipo duniani, na mjanja akiliona jina hilo anaweza kulisajili na kulijaza sumu. Kijana mmoja aliniletea skripti yenye moduli tatu. Moja ilikuwa ya kubuni kabisa.

Tena kuna hatari ya kuazima vitu vidogo mno. Machi 2016, kwenye npm, ghala la JavaScript, mtu mmoja aliondoa moduli yake left-pad, mistari 11 tu ya kuongeza nafasi kushoto mwa maandishi. Miradi mingi duniani ilikwama kwa saa kadhaa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mistari 11 unaweza kuishona mwenyewe.

Naweza kuuza programu niliyotumia ndani yake moduli za bure?

Kwa leseni za MIT na BSD, ndiyo, mradi ubakize tangazo la haki za mwandishi. Kwa GPL, ukimpa mtu programu iliyojengwa juu yake unatakiwa kumpa na msimbo wake kwa masharti hayo hayo. Isome leseni kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Ninaandika `cd Téléchargements`, Windows inasema haipo. Ninaiona kwa macho yangu!

Windows inakuonyesha tafsiri tu. Kwenye diski folda hiyo inaitwa Downloads, kwa hiyo andika `cd Downloads`. Kwenye Ubuntu iliyosakinishwa kwa Kifaransa ni kinyume: huko inaitwa Téléchargements kweli, pamoja na alama zake zote.

Moduli yangu naweza kuiandika kwa Kiswahili?

Fedha.py hapo juu umeiona. Majina ya vitendaji ni yako, maneno kama `def` na `import` ndiyo yasiyobadilika. Mimi huandika majina kwa Kiswahili kama watumiaji ni wa hapa, kwa sababu atakayerekebisha nikiwa safarini ni kijana wa Katuba. Wapo wanaoniambia Kiingereza ndicho cha heshima. Sawa, lakini wao hawapigiwi simu na mama wa famasia.

Na nikitaka kuiweka PyPI dunia nzima iione?

Unaandika faili la pyproject.toml lenye jina, toleo na maelezo, unajenga kwa chombo kiitwacho build, unapakia kwa twine. Tangu tarehe 1 Januari 2024 kila mwenye akaunti lazima awe na uthibitisho wa hatua mbili, basi andaa simu na uzitunze mahali salama zile namba za dharura. Jaribu kwanza kwenye TestPyPI, ghala la mazoezi. Faili ulilokwisha kulipakia huwezi kulibadilisha kwa jina lilelile, hata ukilifuta. Ukikosea, toa toleo jipya.

Lugha nyingine zina kitu kama hiki?

Zina. Perl ilikuwa na ghala lake, CPAN, mtandaoni tangu mwaka 1995, kabla hata PyPI haijazaliwa. Lua ina LuaRocks, JavaScript ina npm. Amri ni tofauti, maumivu ni yale yale.

Mfuko wa moduli uliokwisha kupakuliwa nitaupata wapi?

Kwangu, Jumamosi, kabla ya saa sita. Lete flashi yenye nafasi, uniambie toleo la Python yako na kama mashine ni Windows au Linux. Flashi nitaipima virusi kwanza, na tafadhali toa filamu kabla hujaja. Wiki iliyopita nilisubiri dakika 20 mtu akichagua zipi afute.